Shajara ya mradi: mwaka mmoja wa fedha na timu sita za sabukaunti

8 Julai 2024

Mwaka wa fedha umetimiza wiki moja leo, na sisi ndiyo kwanza tunaanza. Timu ni sita, za sabukaunti sita, yaani serikali za ngazi ya chini ya wilaya, zote katika wilaya moja ya West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, iliyo mwendo wa saa mbili hivi kwa pikipiki kutoka Arua, mvua ikiruhusu. Jina la wilaya nitaliacha. Wenyewe wamekubali niandike bila kuficha, nami nimekubali nisiwaanike.

Tuko wawili. Mimi nilikuwa mkuu wa sabukaunti miaka tisa, kisha nikastaafu. Mwenzangu ni dada kutoka Busoga aliyefundisha utawala muda mrefu. Kiswahili chake ni cha kambi ya jeshi ya Jinja, baba yake alikuwa askari. Changu ni cha sokoni Arua. Tunaelewana, ila yeye akikasirika huamrisha na mimi nikikasirika hupunguza bei.

Kwenye karatasi za mradi imeandikwa kwamba tutakuza stadi za uongozi kwa mameneja na timu za serikali za mitaa. Mimi nimejiwekea kipimo changu kimoja: mkuu wa sabukaunti asipoonekana ofisini siku tatu, kazi iendelee.

Hoteli tumezikataa. Msomaji wa Kenya au Tanzania ajue kwamba kwetu Uganda posho ni ugali, wakati kwao posho ni hela ya kikao. Semina zetu zimezoea kutoa zote mbili, watu huondoka wameshiba na mfuko umetuna, na Jumatatu ofisi unaikuta vilevile ulivyoiacha. Safari hii tutawafuata walipo, tukae kwenye vikao vyao vya kawaida, tule walacho.

Kabla sijaondoka leo, kijana mmoja chifu wa parishi, ngazi iliyo chini ya sabukaunti, aliniuliza kama Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 ipo kwa Kiswahili. Nikamwambia nitamtafsiria kurasa zinazomhusu. Naandika hapa nisije nikasahau.

22 Julai

Sabukaunti ya kwanza. Kikao cha wakuu wa idara na machifu wa parishi kiliitwa saa tatu asubuhi, kikaanza saa tano kasorobo. Nilikaa nyuma, karibu na kabati la mafaili, nikawa nachora mistari kwenye daftari: kila mtu akifungua kinywa, mstari mmoja. Tulikuwa watu 11 bila kujihesabu mimi. Tulimaliza saa saba na robo. Mkuu wa sabukaunti, mama wa makamo, mchapakazi, mtu anayeheshimika kweli: mistari 46. Mhasibu 9. Afisa maendeleo ya jamii 6. Wale wanane waliobaki, wote kwa pamoja, mistari 4, na miwili kati ya hiyo ilikuwa "ndiyo madamu".

Kisha tukatoka kula. Ugali wa muhogo na samaki wa angara, chini ya mwembe. Hapo ndipo kikao chenyewe kilipoanza. Machifu wa parishi walisema pampu moja ya maji imekufa wiki ya tano sasa, kwamba mkunga wa kituo cha afya anaonekana siku mbili tu kwa wiki, kwamba mkusanya ushuru wa soko anatoa risiti kwa wenye maduka na wenye vikapu hawapi. Yote hayo ndani hayakutajwa.

Nikamwuliza mmoja, "Mbona mle ndani hukusema?"

"Sikuulizwa, mzee. Halafu ukisema jambo, linakuwa lako. Wataniambia lifuatilie. Mafuta ya pikipiki nitayatoa wapi?"

Sentensi hiyo nimeizungushia duara. Miaka yangu tisa kwenye kiti hicho nilidhani watu wangu walikuwa kimya kwa sababu hawakuwa na la kusema.

Kwa wasioujua mfumo wetu: LC ni Local Council, yaani baraza la mtaa; kijiji ni LC1, parishi ni LC2, sabukaunti LC3, kaunti LC4, wilaya LC5. Kila ngazi ina wanasiasa waliochaguliwa. Pembeni yao, katika parishi, sabukaunti na wilaya, wapo watumishi walioajiriwa. Katika wilaya, mwenye kusimamia fedha na watumishi ni ofisa mtendaji mkuu ambaye sote tunamwita CAO. Katika sabukaunti ni mkuu wa sabukaunti. Katika parishi ni chifu. Wanasiasa na watumishi wanakaa nyumba moja, na kila mmoja anadhani yeye ndiye mwenye hati ya kiwanja.

14 Agosti

Leo tumejaribu jambo dogo ambalo dada wa Busoga alilipendekeza tangu mwezi uliopita na mimi nikalibeza.

Vikao vyote vinafanyika kwa Kiingereza. Kumbukumbu ni lazima ziandikwe kwa Kiingereza kwa sababu wilayani ndivyo zinavyotakiwa, basi watu wakadhani na maongezi lazima yawe hivyo. Katika timu hii ya sabukaunti ya kwanza mhasibu ni Muganda kutoka Masaka, afisa kilimo ni Mwacholi, daktari wa mifugo ni Mualuri, wengine ni Walugbara na Waaringa. Ukifanya kikao kwa Kilugbara, unawatoa watatu. Ukifanya kwa Kiingereza, unawatoa nusu, japo hakuna atakayekubali kwamba yumo katika nusu hiyo.

Dada akasema, "Leo tuongee Kiswahili, katibu aandike kwa Kiingereza kama kawaida."

Mhasibu alikunja uso. Namwelewa. Kwao watu wa umri wake walilelewa wakisikia Kiswahili kwenye kizuizi cha barabarani, kutoka kwa mtu mwenye bunduki, na masikio hayasahau upesi. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili na Baraza la Mawaziri likakipitisha tena Julai 2022, lakini Katiba haiingii masikioni kwa mtu. Hata hivyo alikubali, akaanza kwa kujikwaa, watu wakacheka, naye akacheka.

Mistari ya leo: mkuu wa sabukaunti 21, mhasibu 12, machifu wa parishi kwa jumla 19. Kile kicheko nadhani kilifanya kazi kubwa kuliko lugha yenyewe. Kwa Kiswahili hakuna hata mmoja wetu pale aliye mwenyeji kabisa, kila mtu anakosea ngeli, na mkubwa aliyekosea ngeli mbele ya watu si rahisi akakufokea dakika ileile.

19 Septemba

Pampu imepona. Naandika kirefu, maana ndilo jambo la kwanza ninaloweza kulinyooshea kidole.

Ni ile pampu iliyotajwa chini ya mwembe. Ni ya mkono, ya aina tunayoiita U2, inahudumia vijiji viwili na shule. Ilikuwa imekaa zaidi ya wiki 12. Barua mbili zilikwenda wilayani kwa mhandisi wa maji, hakuna iliyojibiwa. Kwa hiyo kila ilipoulizwa, jibu lilikuwa moja: "Tumeandika."

Jumatatu ya tarehe 2 nilimwomba mkuu wa sabukaunti aulize swali moja tu kisha anyamaze hadi mtu mwingine aseme. Swali: ili maji yatoke, ni nini kinahitajika, na kipo kwa nani? Aliuliza. Akanyamaza. Ilikuwa vigumu kwake, niliona anabonyezabonyeza kalamu. Kama dakika nzima hakuna sauti ila bati linalialia kwa joto. Kisha chifu wa parishi, yule yule wa mafuta ya pikipiki, akasema kamati ya watumiaji maji ina shilingi 140,000 kwenye kisanduku. Ndipo ikajulikana kwamba kamati ina fedha! Afisa maendeleo ya jamii akasema fundi wa pampu anayeishi karibu na soko alishakwenda kuangalia, anataka 250,000 pamoja na vifaa. Mhasibu akafungua kitabu chake, taratibu, akasema kwenye mapato ya ndani kuna kifungu cha matengenezo ambacho hakijaguswa tangu Julai.

Pengo lilikuwa 110,000. Kwa ajili ya pengo hilo, watoto walikuwa wakichota maji mtoni. Na mtu wa kulijaza alikuwa amekaa palepale mezani, saini yake inatosha, hakuna barua yoyote ya wilaya iliyohitajika. Mkuu wa sabukaunti alitazama meza kitambo. Akasema, kwa sauti ya chini, "Mimi nilidhani pampu ni ya mhandisi."

Tarehe 17 nilikwenda kuona inavyofunguliwa. Fundi na vijana wanne walishika koleo kubwa za bomba, wakawa wanavuta moja baada ya jingine, na kila bomba lilipotoka lilikuwa limevaa kutu nyekundu kama udongo wa kuchomea matofali. La tano lilikuwa na tundu. Fundi akapitisha kidole chake cha shahada akakitokeza upande wa pili, akaonyesha kinamama waliosimama na madumu yao ya njano. "Mlikuwa mnapampu hewa," akasema. Raba za silinda zilikuwa zimeisha, laini kama nyama iliyochemshwa mno. Vifaa vipya viliwekwa, wakapampu mara arobaini na kitu, maji yakaja mekundu, kisha ya kahawia, kisha meupe. Bibi mmoja akaonja, akatema, akaonja tena. "Awadifo," akamwambia fundi, kisha akageuka kwa chifu na kwa Kiswahili cha sokoni akamwuliza, "Na nyinyi mlikuwa mnalala wapi?"

Chifu hakujitetea. Aliandika tarehe kwenye kitabu cha pampu, akamwomba bibi aweke dole gumba.

Tangu hapo kuna karatasi moja kubwa ukutani katika ofisi ya sabukaunti. Safu tatu: jambo, jina, tarehe. Jambo likiisha, linakatwa kwa mstari. Lisipoisha, chifu kijana huandika "bado" kwa chaki pembeni. Sisi hatukulibuni, walianza wenyewe wiki iliyofuata.

7 Oktoba

Mvua. Barabara ya sabukaunti ya nne imekatika kwenye karavati. Tumerudi.

12 Novemba

Msimu wa mikutano ya bajeti. Nimekaa wilayani siku mbili nikisikiliza wakuu wa idara wakiwasilisha, na nilichokiona kimenisumbua kuliko takwimu zenyewe. Mmoja baada ya mwingine alipojitambulisha alianza na neno "kaimu". Kaimu mkuu wa idara ya elimu. Kaimu wa maji. Kaimu wa mipango. Kwenye meza ile waliothibitishwa niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Sababu zinajulikana: fedha za mishahara zina kikomo kinachowekwa Kampala, Tume ya Utumishi ya Wilaya haiwezi kuajiri bila kibali, na watu wenye shahada zinazotakiwa hawapendi kuja huku. Lakini mtu akikaimu miaka minne, anajifunza kuongoza kwa namna ya pekee. Hagombani na mtu. Hasaini kinachoweza kurudi kumwuma. Kila jambo analipeleka juu, kwa sababu aliye juu ndiye atakayemthibitisha au asimthibitishe. Sisi tunakuja na mradi kumwambia "uwe na uthubutu wa kuamua". Uthubutu wa mtu ambaye kiti chake kina miguu miwili!

Nilizungumza na mmoja wao wakati wa chai. Mwanamke makini sana. Nikamwuliza angefanya nini tofauti kama angethibitishwa kesho. Alifikiri, akasema angemwita mkuu wa shule fulani amweleze kwa nini darasa la saba lina mwalimu mmoja. "Sasa hivi siwezi kumwita. Ni ndugu wa mtu."

Sina dawa ya hilo. Tulichoweza kufanya ni kumwomba CAO awape makaimu barua ya ukurasa mmoja, inayotaja waziwazi mambo ambayo wanaweza kuyaamua bila kumrudia. Amekubali kwa mdomo.

3 Desemba

Nimekosea leo, na ni kosa lile lile nililotumwa kulitibu.

Sabukaunti ya tatu. Mkuu wake ni kijana, miaka 31, wa kwanza kushika nafasi hiyo akiwa na umri huo, na madiwani wanamwona mtoto. Katika kikao cha baraza la LC3 diwani mmoja, mzee mwenye sauti ya msikitini, alisimama akamwuliza kwa nini barabara ya kwao imeruka bajeti. Kijana akafungua faili. Akawa anatafuta. Ukimya ukazidi, watu wakaanza kuguna, nami nikashindwa kuvumilia. Nikasimama. Nikaeleza jinsi fedha za barabara zinavyokuja, kwamba sehemu kubwa ya hela ya wilaya na sabukaunti inatoka serikali kuu ikiwa imeshapangiwa kazi, kwamba sabukaunti haiwezi kuihamisha. Nilieleza vizuri. Madiwani walitikisa vichwa, diwani akaketi akasema, "Sasa nimeelewa, mzee."

Jioni, tukiwa tunasubiri chapati, dada wa Busoga akaniuliza, "Mzee, leo mistari yako ni mingapi?"

Sikumjibu.

"Yule kijana alikuwa na jibu kwenye faili. Nililiona. Alikuwa ukurasa mmoja tu mbali."

Nimempigia simu kijana usiku huu kumwomba radhi. Alikuwa mwungwana, akasema hakuna neno. Lakini najua kuanzia sasa madiwani wakitaka jibu watanitazama mimi, na itanichukua miezi kukaa pembeni hadi wanisahau.

Zile kurasa za sheria za kutafsiri bado sijazigusa.

27 Januari 2025

CAO amehamishwa. Wizara huwahamisha mara kwa mara, tangu 2005 wanaajiriwa na serikali kuu na si wilaya, kwa hiyo siwezi kusema ilinishtua. Ila ile barua ya makaimu aliyokubali kwa mdomo ameondoka nayo mdomoni. Nimeweka miadi na mpya.

13 Februari

Baraza la wananchi, sabukaunti ya kwanza, ile ya pampu. Mabaraza haya serikali iliyaanzisha 2009 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu ili watumishi wasimame mbele ya raia waeleze walichofanya. Mengi yamegeuka kuwa siku ya hotuba. La leo liliitishwa na timu wenyewe, bila mgeni rasmi, bila hema. Walikuja watu wengi kuliko viti. Wengi walikaa kwenye mizizi.

Mkuu wa sabukaunti alianza kwa kusoma lile karatasi la ukutani, kila jambo, pamoja na yale yenye "bado". Akasoma mapato ya soko. Watu walikuwa watulivu. Kisha mwenyekiti wa LC1, mzee wa fimbo, akasimama.

"Madamu, mimi nilichaguliwa 2018, watu wakapanga foleni nyuma yangu. Serikali inanipa shilingi 10,000 kwa mwezi, sidai kitu. Nataka kuuliza juu ya asilimia 25 ya kijiji. Iko wapi?"

Msomaji asiyejua sheria yetu: ushuru unaokusanywa na sabukaunti, asilimia 35 inakwenda wilayani na 65 inabaki. Katika ile iliyobaki, robo ni ya vijiji. Kwa kila shilingi milioni 1 ya ushuru, vijiji vinastahili 162,500. Sabukaunti hii ina vijiji 30. Piga hesabu, ni kama 5,400 kwa kijiji, kilo moja ya sukari hivi. Ni hela ndogo mno, na labda ndiyo maana hakuna aliyejisumbua kuilipa. Lakini mzee hakuwa akiuliza sukari.

Niliona macho ya watu watatu yakinigeukia. Nilitazama viatu vyangu.

Mwenyekiti wa LC3 alikuwa ameshaanza kuinuka ili amzime mzee, nadhani, maana mwakani ni uchaguzi na swali kama hilo lina miiba. Mkuu wa sabukaunti alimwekea mkono hewani, kwa adabu, kama mtu anayesimamisha bodaboda.

"Baba, hatujalipa," akasema. "Mwaka jana wote hatukulipa. Mwaka juzi tulilipa robo ya kwanza tu. Fedha hiyo tulinunulia mafuta na karatasi, risiti zipo. Haikuwa halali kuitumia hivyo, na aliyesaini ni mimi."

Sijawahi kusikia mtumishi wa serikali Uganda akisema maneno hayo kwenye uwanja wa wazi. Mimi mwenyewe, miaka tisa, sikuwahi kuyasema, na asilimia 25 nami sikuilipa kila robo. Watu hawakupiga kelele. Mama mmoja akacheka kidogo, kicheko cha mshangao. Mzee wa fimbo akabaki amesimama, nadhani alikuwa amejiandaa kwa mabishano na sasa hakuwa na pa kuyaweka. Mwisho akauliza, "Sasa?"

Mhasibu wa Masaka ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili chake kilichonyooka sasa. Kuanzia robo hii, hela ya vijiji itatolewa kwanza kabla ya mafuta, na orodha itabandikwa sokoni. Deni la nyuma watalipa kidogo kidogo, ila hawezi kuahidi lote. Mzee akasema orodha ibandikwe pia kanisani na msikitini, kwa sababu sokoni wanafungia nazo karanga. Ikaandikwa.

Baadaye mwenyekiti wa LC3 alinivuta kando. Amekasirika. Anasema madamu amemvua nguo mbele ya wapiga kura wake. Hakosei kabisa, alipaswa kuambiwa kabla. Tumepanga wakae wawili Jumatatu, na mimi nimewaambia sitakuwepo.

10 Machi

Ramadhani. Vikao vimesogezwa viwe saa mbili asubuhi na vinaisha saa nne. Ajabu ni kwamba vinamaliza kazi ileile.

15 Aprili

Sabukaunti ya tano imejitoa. Hawakuandika barua, mkuu wake tu hapokei simu, na tukifika tunaambiwa yuko wilayani. Tumefika mara nne. Afisa mmoja wa hapo alinieleza, akiangalia mlangoni, kwamba bosi alisikia habari za baraza la Februari na akasema hataki "mambo ya kuungama". Nadhani kuna zaidi ya hilo kwenye vitabu vyake, lakini si kazi yangu kukagua. Nimeandika kwenye ripoti ya robo kwamba timu zilizobaki ni tano. Dada alitaka tuandike "changamoto za ratiba". Tulibishana hadi taa ikazimwa.

22 Mei

Wiki nzima ni habari za fedha za parishi. Ule Mfumo wa Maendeleo ya Parishi, uliozinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022, unapeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, na kaya inakopeshwa milioni 1. Kwa chifu wa parishi aliyezoea kuomba mafuta ya pikipiki, kujikuta ana orodha ya watu 100 wa kupata na mamia ya kukosa ni mtihani ambao hakuna semina ingemwandaa.

Chifu kijana, yule wa chaki, alifuatwa nyumbani usiku na jamaa wa mwanasiasa mmoja, akiwa na majina sita kwenye kikaratasi. Zamani angeyaingiza, au angemkimbilia mkuu wake amkinge. Alichofanya: alipokea karatasi, akasema asante, asubuhi akaibandika kwenye ubao wa parishi pamoja na majina mengine yote yaliyopendekezwa, na kichwa cha habari "Waliopendekezwa, mkutano wa kijiji uamue". Kijiji kilipitisha wawili kati ya sita, kwa sababu wawili hao walikuwa maskini kweli.

Nilimwuliza nani alimshauri.

"Hakuna. Ila kama ningekupigia wewe, mzee, ungeniambia nisubiri."

Kweli ningemwambia asubiri.

30 Juni

Siku ya mwisho ya mwaka wa fedha. Hela isiyotumika leo inarudi hazina kuu, kwa hiyo wilaya nzima inakimbia na vocha. Mimi nilikwenda kwenye kikao cha Jumatatu cha sabukaunti ya kwanza kuaga.

Nilichelewa, bodaboda ilipata pancha. Nilifika saa tatu na nusu, nikakuta mlango umefungwa na sauti ndani. Wameshaanza. Mkuu wa sabukaunti hayupo, amekwenda Kampala siku ya nne leo kwa mazishi ya shemeji yake, na kiti chake alikalia afisa maendeleo ya jamii, asiye kaimu wa chochote. Walikuwa kwenye suala la mkunga. Hakuna aliyesimama kunipokea. Mtu alisogeza faili kwenye benchi la nyuma nikapata pa kukaa, palepale karibu na kabati. Nikatoa daftari nichore mistari, nikaacha baada ya dakika kumi, maana sauti zilikuwa zinapishana na sikujua nianzie wapi.

Walipofika mwisho wa ajenda, chifu kijana alikwenda ukutani na chaki yake kupitia yaliyobaki. Ushuru wa wenye vikapu, umekatwa. Orodha ya msikitini, imekatwa. Deni la vijiji, bado. Kisha akashuka hadi mstari wa chini kabisa, ambao sikuwahi kuuona kwa sababu kiti kilikuwa kinauziba. Jambo: kurasa za sheria kwa Kiswahili. Jina: langu. Tarehe: 8 Julai 2024.

"Mzee?" akauliza.

Nikasema bado. Akaandika, akaniuliza niweke tarehe nyingine. Nimesema 31 Julai, na kiti wamekiondoa pale.